Maji ya Kwanza ya Ndiva

Kaeni vizuri, na mwenye jibu alifiche kwanza chini ya ulimi. Hadithi hii imewaaibisha wengi waliojibu mapema.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Upare palikuwa na wanafunzi watatu wa kidato cha tatu. Mbonea alikuwa na sikio: neno likiingia halitoki. Lakini alikuwa na kigugumizi, na mbele za watu ulimi wake ulikwama kabisa. Nakijwa alikuwa na ulimi: akisema, hata mwenye njaa alisahau kengele ya chakula. Lakini kazi ya kutafuta habari ilimchosha kabla hajaianza. Elineema hakuwa na kumbukumbu ya ajabu wala sauti ya kusifiwa. Yeye alijua kuuliza, na alijua nani aulizwe na lini.

Mwalimu wao wa Kiswahili, Namsifu Mrutu, alikuwa mtu asiyetulia. Hata kanisani vidole vyake vilisugua chaki isiyokuwepo. Kazi iliyomsumbua kuliko zote ni kuwapa wanafunzi alama za kuzungumza. "Insha hukaa mezani ukaisoma tena," alizoea kusema. "Neno la mdomo likishapita, utalipima na nini?"

Muhula ule aliwapa hao watatu kazi moja ya pamoja: waeleze habari za ndiva ya kijiji, kisha waongoze mjadala. Ndiva ni bwawa la mawe na udongo linalokusanya maji ya kijito, yakafunguliwa kwa zamu kwenda mashambani. Ndiva hii ilikuwa haijai tena. Watu wa juu mlimani walisema watu wa chini wanaiba maji. Watu wa chini walisema vivyo hivyo, kwa matusi zaidi. Mkuu wa shule alipoisikia mada hiyo, akaagiza wazungumze siku ya wazazi, na tangu hapo Mwalimu Namsifu hakuwa na raha.

Mbonea alizunguka kwa wazee. Wengi walimfukuza wakidhani ametumwa na upande wa pili. Bibi Nantieza, aliyekuwa haoni tena, alimwambia, "Kaa chini upukuchue maharage. Mikono ikiwa na kazi, masikio hayachoki." Akapukuchua, naye bibi akasema: mawe ya ukuta yaliteremshwa na watu wa juu, udongo wa mfinyanzi wa kuziba sakafu ulipandishwa na watu wa chini, na kila kizazi kilipaswa kuisiriba upya sakafu hiyo. Akamtajia hata bonde ulikochimbwa udongo. Mbonea alirudi na kila neno. Bila yeye, habari hiyo ingezikwa na Bibi Nantieza.

Nakijwa aliyasikia yote kwa Mbonea, taratibu, karibu na bomba la shule, Mbonea akikwama naye akimngoja. Siku ya wazazi ikafika. Wazazi walikaa mafungu mawili, wa juu dirishani, wa chini mlangoni, pua zote zikiwa jikoni kwenye pilau. Nakijwa akasimama mikono mitupu. Hakumaliza hata kuwataja waliobeba mawe, mzee mmoja aliyekuwa akisinzia akavua kofia. "Babu zenu walibebeana," akasema Nakijwa. "Ninyi mnabeba nini? Kinyongo. Na kinyongo hakizibi ufa." Bila yeye, habari ya Mbonea ingekufa mdomoni mwa Mbonea.

Lakini maneno makali huwasha na pasipotakiwa. Mzee Kiangi wa juu akaruka. "Mtoto huyu amelishwa maneno na watu wa chini!"

"Kwani ninyi mna cha kumlisha mtu?" akajibu Mzee Sekiete wa chini. Wakarushiana maneno ya maji na zamu, viti vikaanguka. Akina mama wakaanza kukusanya vitenge vyao waondoke. Mwalimu Namsifu alitaka kuingilia, akafika nusu ya chumba, akarudi. Mjadala haukuwa wake, ulikuwa wa Elineema.

Elineema hakupaza sauti. Alikwenda akasimama kati ya wazee wawili. "Shikamooni, baba zangu. Darasani kwetu, mtu hasemi la kwake mpaka arudie la mwenzake, na mwenzake akubali kwamba ndivyo alivyosema. Mzee Kiangi, Mzee Sekiete amesema nini?"

"Amesema sisi wezi."

"Sikusema hivyo. Nimesema mnachelewa kuziba tundu la maji zamu yenu ikiisha."

"Anasema tunachelewa kuziba. Haya! Mwambie sisi tunaziba alfajiri!"

"Mzee Sekiete?"

"Anasema wanaziba alfajiri. Lakini mchana ndiva imeshuka!"

Mzee Kiangi akafungua mdomo arudie, akasita. "Anasema... mchana imeshuka. Hata kwetu inashuka. Hata siku tusiyofungua."

"Basi maji anayaiba nani?" akauliza Elineema.

"Ardhi," akasema mama mmoja wa mlangoni. "Sakafu inavuja, jamani! Si ndivyo alivyosema Nakijwa, kwamba kila kizazi kiisiribe upya?" Bila Elineema, watu wangetoka na hasira zao, na pilau lingebaki.

Mwalimu Namsifu aliwapa alama. Mbonea aliongoza katika utafiti, Nakijwa katika usemaji, Elineema katika kuongoza mjadala. Akajumlisha, akafuta, akajumlisha tena. Kila mmoja alipata sawa na mwenzake. Akashusha pumzi, akadhani yamekwisha.

Kijiji kikapiga mbiu ya msaragambo, kazi ya wote. Wa chini wakapandisha udongo, wa juu wakasogeza mawe, sakafu ikasiribwa. Ndiva ikajaa.

Sasa kijiji hicho kina desturi yake. Ndiva ikishatengenezwa, maji ya kwanza huenda kwenye shamba la mtu mmoja, yule aliyewafikisha watu hapo. Hayagawanywi, kwa sababu mifereji imekauka: ukiyapeleka njia tatu, udongo utayanywa yote kabla hayajafika popote. Baada ya hapo zamu za kawaida huanza. Na kijito mwaka huo kilikuwa chembamba. Kujaa tena kungechukua siku nyingi. Mahindi ya akina Mbonea, ya akina Nakijwa na ya akina Elineema yote yalikuwa yametoa mbelewele, yote yamejikunja majani. Yatakayokosa maji ya kwanza hayatangoja ya pili.

Asubuhi hiyo wazee wakamwita Mwalimu Namsifu ukutani. Mzee Sekiete alikuwa ameshika gogo linaloziba tundu la maji. "Mwalimu, wewe ndiye uliyewapima. Tutajie mmoja."

"Niliwapa alama sawa, Mzee."

"Alama haziloweshi mahindi."

Watu wakaanza kumsaidia, kila mmoja kwa upande wake.

"Mpe Mbonea! Bila punje kuna ugali?"

"Na punje isiyosagwa utaila wewe, na meno yako hayo mawili? Mpe Nakijwa!"

"Mnamsahau aliyeshika sufuria isipinduliwe!"

Mwalimu akatembea juu ya ukuta, akarudi, akatembea tena. Mwishowe akawaita wale watatu kando. "Ninyi wenyewe mnasemaje?"

Mbonea akasema, "M-mpe Na-nakijwa," kisha akamwona mama yake amesimama na jembe, akainamisha kichwa.

Nakijwa akasema, "Mwalimu, ukinipa nitapokea. Sitajifanya sitaki."

Elineema akauliza, "Mwalimu, unatuuliza upate jibu, au usilaumiwe?"

Namsifu alisugua vidole, navyo havikuwa na chaki. Nyuma yake maji yalikuwa yameanza kulamba ukingo wa ukuta mpya. "Mwalimu," akaita Mzee Sekiete, "udongo bado mbichi. Yakipita juu, yatauvunja ukuta. Sema!"

Mwalimu akageuka, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Hadithi ilipokelewa ikiwa hapo, na hapo ndipo inapokabidhiwa. Toeni sasa majibu mliyoyaficha. Mmoja alisikia, mmoja alisema, mmoja aliwafanya watu wasikilizane. Na maji ni ya shamba moja. Je, wewe ungekuwa juu ya ukuta ule, ungetaja jina la nani? Na wale wawili, ungewatazama vipi?