Mtupaji Aliyeutamani Msimu Mmoja

Wapendwa, kaeni vizuri. Mama mwenye mtoto aliyelala, mwache alale, leo sitapiga kelele. Nina mfano mmoja, na nawaambia mapema kwamba nimeutunga mwenyewe, msije mkautafuta kwenye simu zenu halafu Jumapili ijayo mkaniambia, Mchungaji, huyo mtu hatukumwona.

Kulikuwa na mtupaji mmoja wa mpira. Sisemi mpira wa miguu. Naona Mzee Kyando amekaa sawa akidhani naizungumzia timu yake. Samahani, Mzee, leo timu yako imepumzika, na kwa jinsi ilivyocheza jana ni afadhali ipumzike. Nasema ule mchezo unaoitwa besiboli. Kwa ajili ya mfano huu mnahitaji kuwajua watu watatu tu. Yupo anayetupa mpira kwa nguvu. Yupo anayesimama mbali kidogo akimkabili, ameshika rungu, anataka kuupiga ule mpira uende zake. Na nyuma ya huyu wa rungu yupo mtu amechuchumaa, amevaa glavu kubwa ya ngozi, kazi yake ni kuudaka. Mpira ukimpita huyu wa nyuma ukatokomea, wapinzani wanakimbia na kujipatia pointi. Mkielewa hapo inatosha.

Sasa mtupaji wetu alikuwa na kipaji cha ajabu. Alikuwa na namna yake moja ya kuutupa mpira, unakuja umenyooka usawa wa kifua, mwenye rungu anajiandaa, anazungusha rungu lake kwa nguvu zote, na hapohapo mpira unazama. Unaanguka chini kabisa, unagonga vumbi. Mwenye rungu anapiga hewa na kujizungusha mwenyewe mbele za watu. Uwanja mzima unacheka. Mpira ule hakuna aliyeuweza.

Lakini alikuwa mtu wa leo hivi, kesho vile. Leo anawamaliza wote, watu wanambeba mabegani. Kesho anatupa ovyo mpaka kocha anajifunika uso kwa kofia. Wakasema, leo kaamka vizuri. Wakasema, leo kaamka vibaya. Na yeye mwenyewe aliamini hivyohivyo, kwamba kipaji ni kama mvua, kinakuja kikitaka na kinakwenda kikitaka.

Ukafika msimu mmoja ambao hakuamka vibaya hata mara moja. Msimu mzima, tangu mechi ya kwanza mpaka ya mwisho. Timu ikachukua ubingwa. Picha yake ikabandikwa kwenye kuta za mji, akina mama wakawapa watoto wao jina lake. Ndugu zangu, mtu akionja kitu cha namna hiyo mara moja, unadhani atakisahau?

Katika timu ile alikuwapo mdakaji mmoja, mtu mzima, ameshapita umri wa kutamaniwa na timu yoyote. Hakuwa na mbio, zamu yake ya kushika rungu hakutisha mtu, na watoto hawakumwomba saini. Msimu ule wote ndiye aliyechuchumaa. Na mnakumbuka nimesema mpira ule unagonga vumbi. Ukishagonga vumbi hakuna anayejua utarukia wapi. Glavu haitoshi. Yule mtu alikuwa anapiga magoti, anauweka mwili wake wote mbele ya mpira, unampiga shingoni, begani, kwenye mfupa wa mkono, kisha unaanguka mbele yake na hauendi popote. Amevaa kinga, ndiyo, lakini mpira wa namna ile hutafuta mahali pasipo na kinga. Uwanja unamshangilia aliyetupa. Aliyechuchumaa anajipangusa vumbi na kuurudisha mpira.

Siku moja mtangazaji wa redio akasema neno. Akasema, jamani, tumsifu mtupaji, lakini nusu ya sifa hizi ni za yule aliye nyuma. Neno dogo tu. Mtupaji akalisikia, likamkaa moyoni vibaya. Kesho yake katika chumba cha kubadilishia nguo akamtazama yule mzee akivua shati, akaona mwili wake, mahali peusi, mahali pa kijani, mahali pamevimba. Mtu mwingine angeshukuru. Yeye aliona aibu, na aibu ile ikageuka kuwa hasira, kama inavyogeuka kwetu tukimtazama mtu tuliyemtesa naye hasemi kitu. Akaenda kwa kocha akaomba apewe mdakaji mwingine. Alisema yule mzee amechoka, anastahili kupumzika. Alilisema kwa upole kabisa, na kocha akakubali.

Mnajua kilichofuata? Hakikutokea kitu. Mechi za mwanzo alitupa vizuri tu. Akaletewa mdakaji kijana, mwepesi, mwenye jina. Lakini ikaja mechi moja kubwa, akatupa ule mpira wake, ukazama, ukagonga vumbi, ukampita yule kijana katikati ya miguu, na timu ikafungwa. Hakuna aliyemlaumu. Ila tangu siku ile, kila akitaka kuutupa, vidole vyake vinajiuliza: je, ukipita? Basi anaupandisha kidogo. Mpira uliopandishwa kidogo hauzami, na mwenye rungu anaungoja hapohapo.

Angekuwa mbovu moja kwa moja angepumzika. Tatizo ni kwamba kuna siku alisahau kuogopa, na siku hizo akang'aa tena, watu wakaruka, naye akasema, umerudi, msimu wangu umerudi. Mechi inayofuata hakuna kitu. Akahama timu. Akahama tena. Akabadilisha viatu, akabadilisha chakula, akabadilisha namna ya kusimama. Alifunga na kuomba, Mungu nirudishie ule mwaka.

Na alikuwa na mkanda wa picha wa msimu ule. Jioni alikuwa anakaa mbele yake na kuuangalia, mkewe anamwita kula, haji. Alikuwa anatafuta: nilikuwa naweka mguu wapi, mkono niliuinua kiasi gani. Sasa sikilizeni, katika mchezo huo kamera huwekwa nyuma ya mtupaji. Picha zote zile zilimwonyesha yeye mgongo. Aliyeonekana uso, kila mara, mpira baada ya mpira, ni yule mzee aliyechuchumaa. Mtu huyu aliutazama mgongo wake mwenyewe kwa miaka, na uso wa mwenzake uko pale katikati ya picha.

Hamu ile ikamla. Nataka mlielewe hili, maana wengine mnaijua hamu ya namna hiyo na mmekaa nayo humu ndani sasa hivi. Si njaa ya kitu usichokijua. Ni njaa ya kitu ulichowahi kukishika kwa mkono wako. Unaamka asubuhi na mkono bado unakumbuka.

Mwishowe timu ya mwisho ikamwita ofisini, wakamshukuru kwa maneno mazuri, wakamwacha. Ndipo akakumbuka kwamba yupo mtu mmoja aliyekuwa karibu msimu ule kuliko wote, labda aliona siri. Akafunga safari kwenda kumtafuta yule mdakaji.

Akamkuta kwao, anafuga kuku, anatembea na fimbo kwa sababu magoti yamekwisha. Mke wa yule mzee akamkaribisha, akamwita shemeji, akamletea chai. Akamwambia habari moja wakati mumewe anavaa viatu. Kwamba miaka yote hii mechi zake wanaziangalia. Na kila akiinua mkono kutupa, yule mzee hujisogeza kwenye kiti, anaegemea kushoto, anaegemea kulia, mpaka mito inaanguka. Mtupaji akacheka kidogo, kisha akaweka kikombe chini.

Alipokuja yule mzee, mtupaji akamuuliza moja kwa moja. "Kaka, msimu ule nilikuwa nafanya nini ambacho sasa sikifanyi? Niambie tu. Nimekitafuta kila mahali."

Yule mzee akaagiza glavu yake na mpira viletwe, akatoka uani, akaketi kwenye kigoda, akafungua mkono. Akamwambia atupe ule mpira wake.

Akatupa. Ukaja juu, polepole, salama. Akatupa wa pili, vilevile.

"Chini, mdogo wangu," mzee akasema.

"Kaka, nitakuumiza."

"Uliniumiza msimu mzima. Nilikulalamikia lini?" Akamtazama. "Ulikuwa hufanyi kitu chochote cha ajabu. Ulikuwa unatupa chini bila kuogopa, kwa sababu ulijua nipo. Mimi sikuomba kuondoka pale. Wewe ndiye uliyeomba niondolewe."

Mtupaji akasimama pale katikati ya kuku, mpira mkononi. Machozi yakaja. Yule mzee hakumbembeleza, akabaki amefungua mkono vilevile.

Basi akatupa. Akautupa kwa nguvu zake zote, bila kujiuliza. Ukaja umenyooka, ukazama, ukagonga vumbi, na yule mzee mwenye magoti mabovu akajitupa chini kutoka kwenye kigoda, ukampiga kifuani, ukaanguka mbele yake. Hakuweza kuinuka. Mtupaji akakimbia, akapiga magoti mbele yake, akamshika, akiomba msamaha, na yule mzee anahema, vumbi usoni, anacheka huku analia. Akamwambia, "Unao bado. Haukuwahi kukutoka."

Sasa najua mnachotaka. Mnataka niwaambie akarudi uwanjani, akawa bingwa tena, na mzee wake akaketi jukwaa la heshima akimpigia makofi. Siwaambii hivyo. Timu zilikuwa zimeshafunga milango. Umri ulikuwa umekwenda, na magoti ya mzee hayakurudi. Mpira wake mzuri kuliko yote aliutupa uani, mbele ya kuku na mama mmoja aliyesimama mlangoni na kikombe. Ndio mwisho wa mfano wangu.

Ndugu zangu, tuseme ukweli. Sisi nasi tuna misimu yetu. Nawasikia mkija ofisini kwangu. Mmoja ananiambia, Mchungaji, mwaka ule nilipoanza kumfuata Bwana nilikuwa naomba mpaka machozi yananitoka, siku hizi naomba na akili iko sokoni. Mwingine ananiambia, ndoa yetu mwanzoni ilikuwa na raha, sijui ilikwenda wapi. Kijana ananiambia, nilikuwa nafaulu shuleni, sasa sielewi nimepatwa na nini. Na wote ombi lenu ni moja: Mungu anirudishie ule mwaka. Tunafunga, tunakesha, tunabadilisha kanisa, tunabadilisha kazi, wengine tunabadilisha hata wake. Leo tunawaka, kesho tumezimika, nasi tunasema, ndivyo nilivyoumbwa.

Nikuulize, mama. Nikuulize, mzee wangu. Mwaka ule, nani alikuwa nyuma? Ulipokuwa jasiri namna ile, ulikuwa jasiri kwa sababu ya nguvu zako, au kwa sababu ulijua ukikosea yupo atakayeweka kifua? Ulipokuwa unasema neno kali nyumbani, nani alilipokea likaanguka hapohapo, lisiende kwa majirani? Ulipokuwa unaomba kwa uhodari, nani alikuwa anakuombea wewe na magoti yake sakafuni? Tulidhani ni kipaji chetu. Tukaona aibu kwamba kuna mtu anaumia kwa ajili yetu, na badala ya kumshukuru tukamwambia kwa upole kwamba amechoka, akapumzike.

Na Mungu tumemfanya vivyo hivyo. Siku tulipoona jinsi alivyoumia kwa ajili yetu, wengi wetu hatukumkaribia. Tulisogea mbali, tukajipa kazi ya kuwa wema peke yetu, tuonyeshe kwamba tunaweza. Tangu siku hiyo tunatupa juu, polepole, salama, na tunashangaa furaha imekwenda wapi. Hatuthubutu kusamehe kwa nguvu zote, kutoa kwa nguvu zote, kupenda kwa nguvu zote, maana tunajiuliza, je, ukipita? Lakini Yeye hakuchoka, wala magoti yake hayakuisha. Bado mkono umefunguliwa.

Tumetamani mwaka, kumbe tulikuwa tunamtamani mtu.

Kwa hiyo leo sitaki tuimbe mara hii. Kwaya, kaeni. Tutanyamaza kidogo, na katika kimya hicho kila mmoja amtaje moyoni yule aliyemwomba aondoke. Kama ni Mungu, mwambie hapohapo ulipo, hahitaji umalize kujitengeneza. Kama ni mama yako, kama ni mkeo, kama ni ndugu uliyemnunia mpaka akaacha kuja, na bado yu hai, basi ibada ikiisha usipitie sokoni. Nenda.