Kindi, Kidirisha na Simu za Wakubwa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakichaji simu zao juani, Tembo na Kiboko walikuwa mafundi wakubwa wa kuunda simu, na hawakupikika chungu kimoja.

Simu ya Tembo ilikuwa pana kama sinia. Ya Kiboko ilikuwa ya mviringo, na hata ukiitumbukiza mtoni, chubwi! inaendelea kuita. Ipi ilikuwa bora? Msiniulize mimi, waulizeni wenyewe wagombane tena.

Kindi, yule mdogo mwenye mkia mkubwa, alikuwa ametengeneza programu iitwayo Mvua Lini. Kila mnyama aliitaka.

Tembo akaja, dii! dii! dii! mpaka chini ya mti wa Kindi.

"Wee Kindi! Programu hiyo iwe ya simu yangu tu. Ukimpa Kiboko, mti huu nausukuma!"

Kindi akatazama kiotani. Watoto wake hawakuwa wamefumbua hata macho.

"Sawa, mzee wangu."

Mchana akashuka mtoni kunywa. Kiboko akaibuka, bwaa!

"Kindi! Ukimpa programu yule mwenye pua ndefu, maji ya mto huu utayasikia kwa majirani!"

"Sawa, bwana mkubwa."

Hapo maskini akabanwa kweli. Programu ya kuingia simu ya Tembo ilipikwa nyumbani kwa Tembo tu, na ya kuingia simu ya Kiboko nyumbani kwa Kiboko tu. Na Kiboko, mnamjua, huweka mipaka kwa kurusha samadi kwa mkia, pwa! pwa! Ukienda kwake utanuka wiki nzima, na pua ya Tembo haidanganywi.

Lakini Kindi haoni kitu kimefungwa akakiacha. Akaokota jalalani simu kuukuu, moja ya Tembo, moja ya Kiboko, akatafuna vifuniko, krr, krr, krr.

"Hee! Kumbe!"

Zote mbili zilikuwa na kidirisha kilekile cha kusomea habari za msitu. Wakubwa wale walikiweka kwa sababu kila mmoja alipenda kusikia anavyosifiwa.

"Je, nikiiweka Mvua Lini humu?" Kindi akajiuliza. Akaiandika mara moja tu, palepale kiotani, bila kukanyaga kwa mtu.

Tembo akaja kumnusa. Fnn! Fnn! "Hunuki samadi. Vizuri!"

Kiboko naye akamnusa. "Hunuki vumbi la Tembo. Safi!"

Kila mmoja akatamba kwamba Mvua Lini ni yake peke yake.

Siku moja wanyama wakakutana karibu na mti ule. Mara simu ya Tembo ikalia, na ya Kiboko ikalia papo hapo: "Anueni nguo, mvua inakuja!"

Wakubwa wakatazamana.

"KINDI!"

"Wazee wangu, sikuzigusa simu zenu," Kindi akasema. "Nimeiweka kidirishani, na kidirisha mlikiweka wenyewe."

Tembo akaweka paji la uso kwenye mti. Kraa! Watoto wakalia kiotani.

"Ngoja, mzee!" Kindi akapaza sauti. "Watazame wenzako kwanza!"

Tembo akageuka. Swala, Ngiri na Nyani walikuwa wakikimbia kuanua nguo, na hakuna aliyeshika simu. Wote walikuwa wamevaa miwani.

"Nani kawaambia mvua inakuja?" Tembo akauliza.

"Miwani!" Ngiri akajibu. "Mpya hii, kaiunda Kanga, yule ndege wa madoadoa. Simu yako mimi naegemezea mlango."

"Yangu je?" Kiboko akauliza polepole.

"Yako mke wangu anafunikia chungu."

Mvua ikawashukia, shaa! Wakubwa wakasimama wameloa, na haya imewashika.

"Kindi mwanangu," Tembo akasema kwa upole, akiuachia mti, "Mvua Lini imeingiaje kwenye miwani ya Kanga?"

"Nayo ina kidirisha, mzee."

"Utanifundisha na mimi kuweka vitu kidirishani?"

"Nitakufundisha, ila mti huu usiuguse tena."

"Na mto ni wako, unywe utakavyo," Kiboko akadakia, asije akaachwa nyuma.

Basi wanangu, anayetaka kitu cha wote kiwe chake tu, chombo chake kikipitwa na wakati hubaki nacho peke yake.