Pimbi na Zabibu za Mlima wa Baridi

Sogeeni karibu, wanangu, niwapeleke zamani za mbali, wakati wanyama walikuwa na nyumba, mashamba na majirani wasumbufu kama sisi.

Wakati huo, juu mlimani kwenye baridi, aliishi Pimbi mmoja jina lake Sikujua. Mnamjua pimbi: mnyama mdogo wa kwenye miamba, hana pembe wala makucha ya kumtisha mtu. Sikujua, mumewe Tumaini na watoto wao walilima mizabibu kwenye mteremko wa mawe. Nia yao ilikuwa kukamua divai yao wenyewe, waiweke kwa ajili ya sherehe, na nyingine wabadilishane kwa mahindi na wanyama wa bondeni.

Majirani waliwacheka. Walisema zabibu hutaka joto, na huko juu hata maji ya mtungini huganda. Na kweli, kila mwaka zabibu zilipoanza kuiva, ukungu ulishuka, na nyuma yake ikaja jalidi, ile barafu nyembamba ya alfajiri, ikaziharibu zikiwa bado chachu.

Sikujua hakukata tamaa. Kila msimu alikaa katikati ya mizabibu akiichunguza, mpaka akajua tatizo liko wapi. Majani yalikuwa mengi mno, jua halikupenya. Tena kila mzabibu ulibeba mashada mengi kuliko nguvu zake.

"Mwaka huu tunapunguza majani," alimwambia mumewe. "Na yale mashada ya ndani, yanayokaa kivulini, tunayatupa yote. Yakibaki ya nje tu, yataiva kabla ya jalidi."

Kazi ikaanza. Lakini haikufika mbali, jiwe likaporomoka na kumvunja Tumaini mguu. Watoto walikuwa bado wadogo. Sikujua akabaki kung'oa majani peke yake kutwa nzima, na kila jioni akigeuka kutazama, kazi iliyobaki ilikuwa mlima mzima.

Balaa halikuishia hapo. Bondeni nyasi zilikauka, na Mbogo akapanda juu pamoja na rafiki yake Ngiri. Mbogo alisimama katikati ya shamba, akapiga kwato chini, puh, na kutangaza kwamba mlima sasa ni wake. Alimwagiza Sikujua aitunze mizabibu vizuri. Siku zabibu zitakapoiva, yeye na familia yake wamwachie zote, kisha wahame.

"Tuhamie wapi, Bwana Mbogo?" Sikujua aliuliza. "Mume wangu hawezi hata kusimama."

"Hilo ni lako," alijibu Mbogo, akaondoka na mwenzake kwenda kulala penye majani makavu.

Tumaini alisema heri waanze kufunga vitu vyao mapema, kuliko kusubiri kukanyagwa. Sikujua alikwenda mlangoni. Alikaa hapo akilitazama shamba. Mashada yalikuwa yamegeuka meusi, yanang'aa kama yameiva, lakini yeye alijua kwamba rangi hutangulia na utamu huja nyuma sana.

"Sihami," alisema mwishowe. "Wale wana midomo mikubwa, na sisi tuna majani mengi. Naenda kuwaomba wasile."

Tumaini alidhani hofu imemvuruga akili. Alimwonya kwamba akiwaita, watang'oa mizabibu yote mpaka mizizi. Sikujua alijua hilo linawezekana. Alikwenda hivyo hivyo.

Alimkuta Mbogo akicheua, akapiga magoti mbele yake. Alimwambia kwamba zabibu zimeshaanza kuwa nyeusi, na kwamba hapingi amri yake. Ila alikuwa na ombi moja.

"Mashada ya nje ni yako yote, Bwana," alisema. "Tuachie yale ya ndani tu, yaliyofunikwa na majani. Ndiyo matamu kuliko yote, ndiyo maana tunayaficha. Tukila hayo, tutahama kwa amani."

Ngiri alimtazama Mbogo. Mbogo alimtazama Ngiri. Hawakungoja hata Sikujua amalize kuomba. Walikimbilia shambani wakishindana.

Walianza na majani, maana ndiyo yaliyowazuia kuyafikia mashada ya ndani. Nyaka, nyaka, nyaka. Walipita safu kwa safu, na kila jani lililong'oka lilifungua dirisha la jua. Kila walipofika kwenye kivuli waliyameza mashada kwa pupa, bila kutafuna, kila mmoja akihofia mwenzake asije akamzidi. Familia ya Sikujua ilitazama kutoka kwenye mwamba, na watoto wakalia kuona shamba lao likiharibiwa.

Walipomaliza safu ya mwisho ndipo Mbogo alipotafuna. Ptuu! Meno yalimfa ganzi. Ngiri naye alikuwa amejikunja, tumbo linamsokota. Mbogo, macho yakimtoka machozi, akasogeza pua kwenye shada la nje, akamgeukia Sikujua.

Sikujua alimwambia kwa sauti iliyotulia. "Onja tu, Bwana. Kama yale matamu ya ndani yamekushinda, hayo ya nje ni mabaya zaidi."

Mbogo aliliacha shada. Alisema kwamba mlima huo umelaaniwa, na mwendawazimu tu ndiye anayeweza kulima uchachu. Siku hiyo hiyo yeye na Ngiri walishuka upande wa pili kutafuta nyasi.

Jua likaingia shambani. Mawe yakashika joto la mchana, na mashada ya nje yakaiva taratibu, mpaka ngozi zake zikalainika. Sikujua na watoto waliyachuma yote kabla ya jalidi, wakayapeleka kwenye pango lao na kuyakanyaga kwa miguu. Harufu yake ikajaa mlima mzima.

Mbogo alikuwa akipita chini, akaifuata. Aliingiza kichwa kwenye mlango wa pango, pembe zikakwama kwenye mwamba. Aliuliza kwa hasira utamu huo umetoka wapi.

"Umetoka kwako," Sikujua alimjibu kutoka ndani. "Majani yale yalituzibia jua, na mashada yale yaliidhoofisha mizabibu. Mimi peke yangu nisingemaliza kuyatoa. Asante kwa kazi."

Mbogo alisukuma, akasukuma tena, mwamba haukutikisika. Mwisho alijichomoa, akasimama nje akinusa. Watoto wa pimbi waliendelea kukanyaga zabibu. Baada ya muda sauti yake ikasikika tena, safari hii ya chini.

"Bi Sikujua," aliuliza, "hiyo kazi ya majani, mwakani inaanza lini?"

Basi, wanangu, mwenye nguvu asiyekuwa na subira, nguvu zake huishia kumlimia yule mwenye subira.