Taa Mbili na Mbegu za Mama

Bwana asifiwe! Mmeitikia kama watu waliovaa makoti mawili-mawili. Sogeleaneni basi, mpashane joto, maana kabla sijaingia kwenye neno lenyewe nina kisa kifupi, na kisa hiki hakisikiki vizuri kwa mtu anayetetemeka.

Walikuwako wanawake wawili, mtu na wifi yake. Mmoja amezaliwa katika boma lile, mwingine ameolewa na kaka yake. Nyumba zao zimetenganishwa na uwanja tu. Huyu akikaanga kitunguu, yule anapiga chafya. Majina siwapi. Nikiwapa majina mtaanza kutazamana.

Mama wa boma, ambaye ni mzazi wa huyu na mkwe wa yule, alikuwa na nyanya zake. Sura hazina kabisa. Zimekunjamana, zina mabega, zimepasuka kitovuni. Lakini ukikata moja tu kwenye mchuzi, majirani wote wanakumbuka kwamba wameishiwa chumvi na wanakuja kuomba kwako. Mwaka alioaga dunia, mvua ya mawe ilishusha bustani yote chini, hata mche mmoja haukusalia. Baada ya matanga wakakuta darini jikoni kipande cha kanga, na juu yake mbegu zimebandikwa kwa majivu, kama mama alivyozoea kuzihifadhi. Mbegu arobaini. Kijiji kizima hakuna mwingine aliyekuwa nazo. Zikifa hizo, nyanya ya mama imekwisha, na wale wawili walisema waziwazi kwamba itakuwa kama kumzika mara ya pili.

Sasa mwezi wa saba wa huku kwetu mnaujua. Ukungu unaingia Jumatatu, unaondoka Jumapili mkishatoka kanisani. Jua tunalisikia redioni. Na kungoja hawakuthubutu, maana mbegu zilikuwa na umri wake, na miche ilitakiwa iwe tayari mvua za kwanza zikigusa ardhi. Wakagawana ishirini kwa ishirini, kila mmoja na beseni lake la udongo. Wakasema, tuoteshe ndani ya nyumba, chini ya taa za LED, zile za kukuzia miche, ambazo mmea ukizipata unadhani ni mchana. Zikifa kwako, zitapona kwangu. Wazo zuri, si ndiyo? Zuri mno. Shida ikaanzia kwenye taa.

Binti wa boma ni fundi wa redio na simu. Akasema, "Mimi nikanunue taa? Kwani mikono yangu imekatwa?" Akachukua bapa la alumini la dirisha bovu, akapanga juu yake vitaa vidogo, vyekundu, vya buluu na vyeupe, akaviunga kwa waya wa risasi ulioyeyushwa, na nyuma akafunga feni aliyoitoa kwenye kompyuta iliyokwisha kufa ili visiungue kwa joto. Alipowasha, sebule ikawa zambarau kama kanzu ya askofu wakati wa Kwaresima. Akapiga vigelegele peke yake.

Wifi yake naye akaagiza mjini. Taa ikaja na basi, ndani ya boksi, ndani ya boksi jingine, na kitabu cha maelezo chenye lugha sita, Kiswahili hakimo. Taa nyeusi, nyembamba, inang'aa, haina hata alama ya kidole. Akaita watu waje kuona inavyofunguliwa.

"Wifi," akasema mwenye taa ya dukani, "hiyo yako si taa, hayo ni matengenezo."

"Na hiyo yako ikizima utaifanyaje? Utaisomea kitabu?"

"Yangu ina waranti."

"Yangu ina mimi."

Mnacheka! Na watu wa kule nao walicheka, kisha wakagawanyika. Upande wa kisimani wakawa watu wa taa ya kuunda, upande wa barabarani watu wa taa ya kununua. Hata kwaya ikapasuka. Sauti ya kwanza hawasalimiani na sauti ya pili. Na wakati huo hakuna aliyekwenda kutazama mabeseni ya mbegu.

Mbegu ziliota, Mungu ni mwema. Shingo nyeupe zikatokeza kwenye udongo. Lakini nisikilizeni sasa.

Yule wa taa ya dukani aliipenda taa yake hata akaona huruma kuitoa nailoni. Akaiacha na nailoni yake. Kisha akaona vumbi. Akakaa chini akaifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, akaifunika. Taa inawaka, ndiyo, lakini inawaka ndani ya nailoni, ndani ya kitambaa. Msicheke sana. Nani humu ndani rimoti ya televisheni yake bado imo kwenye nailoni? Inueni mikono. Nani kochi lake lina nailoni tangu harusi, na mgeni akikaa linalia? Haya, shusheni, Mungu amewaona.

Na fundi wetu je? Wageni walipokuja, alitaka waone kazi. Na kazi ya fundi iko wapi? Iko nyuma, kwenye waya na feni na zile nukta za risasi zilizopangwa kama shanga. Kwa hiyo akaigeuza taa. Mgongo ukawatazama wageni, uso ukatazama ukuta. Ukuta ule ulipigwa mwanga mchana kutwa. Ungekuwa na mizizi, ungezaa!

Miche ikaanza kurefuka kutafuta mwanga. Ikawa miembamba, imepauka, kisha ikalala. Ukaanguka mmoja, ikaanguka mitatu. Kila mmoja nyumbani kwake akaona, akanyamaza. Ungemwambia nani, baada ya maneno yote yale? Kila mmoja akajisemea moyoni, "Kumbe taa yangu ndiyo mbovu. Ya mwenzangu ndiyo taa."

Asubuhi moja ya ukungu mzito, mke wa kaka mtu akachukua beseni lake, akalifunika kwa kanga, akatoka polepole. Nia yake ni kumpigia wifi magoti amwombe nafasi chini ya taa ya kuunda. Amefika katikati ya uwanja, akagongana na mtu. Mtu mwenyewe naye amebeba beseni limefunikwa kanga.

"Wifi! Asubuhi yote hii unakwenda wapi?"

"Nakuja kukusalimia tu, wifi yangu."

"Na beseni?"

"Nikuulize wewe."

Wakatazamana. Mmoja akafunua, na mwingine akafunua. Miche imelala huku, miche imelala kule, na iliyo hai yote ukijumlisha haifiki kumi na mitano. Kisha fundi akaanza kucheka, wifi yake akacheka, wakacheka mpaka wakakaa chini kwenye umande, na kicheko chenyewe kikageuka machozi, maana ile iliyokuwa inakufa ni nyanya ya mama.

"Mama hakuwa na taa," akasema binti.

"Mama alikuwa na beseni lake bovu," akasema mkwe. "Alikuwa akilisogeza asubuhi likae mlangoni, mchana likae dirishani, jioni huku nyuma. Alilifuata jua hata liwe dogo namna gani."

"Hivi lilikuwa la rangi gani lile beseni?"

Mkwe akafikiri. Akafikiri tena. "Sikumbuki."

"Hata mimi sikumbuki. Miaka yote ile!"

Ndugu zangu, ladha ya nyanya wanaikumbuka hata leo. Beseni hawalikumbuki, na sababu ni kwamba mama mwenyewe hakuwahi kuwaonyesha beseni. Aliwaonyesha nyanya.

Wakaingia ndani wakikimbia. Kitambaa kikavuliwa. Nailoni ikachanwa, chwaaa! Taa ya kuunda ikageuzwa, uso chini, mgongo juu, nani atauona mgongo shauri yake. Wakazitundika zote mbili juu ya meza moja, karibu na miche, na mabeseni wakayaweka pamoja. Miche iliyolegea wakaipandikiza upya, wakalizika shina mpaka karibu na majani, kwa sababu mnajua nyinyi wakulima, shina la nyanya ukilizika linaota mizizi. Kulala kwake kukawa faida. Ikasimama tisa. Watu wa kisimani wakaja, watu wa barabarani wakaja, wakauliza, "Hii mizuri ni ya taa ipi?" Wale wawili wakajibu pamoja, "Mche haujatuambia." Msimu ule kijiji kilikula mchuzi, na jikoni kwa kila mtu pakawa na kipande cha kanga darini.

Sasa nataka tuongee sisi. Mimi na wewe.

Humu ndani tuko tulioipokea imani nyumbani, kutoka kwa bibi na babu, imefungwa vizuri tangu ubatizo. Tuko na tulioiunga wenyewe kipande kwa kipande, kwa magonjwa, kwa misiba, kwa kuanguka na kuinuka. Na tunabishana ipi ni imani kweli! Mimi siulizi umeipata wapi. Nauliza, chini yake kuna nini? Yupo mtu nyumbani kwako anayerefuka gizani, shingo imekuwa nyembamba kwa kutafuta mwanga, na wewe mwanga unao, ila umeufunika usichafuke, au umewageuzia watu mgongo wake wausifie?

Basi niwape sababu ya kucheka tena.

Geuzeni vichwa mtazame kona ile. Kinanda. Tulikinunua mwaka jana, tukakipokea kwa maandamano. Kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Chini ya kitambaa kuna nini? Semeni kwa sauti! Nailoni. Na kona hii ya huku ziko ngoma alizoziwamba fundi wetu kwa mikono yake, ngozi zimegeuziwa ukutani ili tuone alivyochonga miti. Na kwaya mbili zimekaa mabenchi mbalimbali, miezi mitano sasa, zikibishana kipi kimfae Mungu. Vijana wetu wameacha kuja kuimba. Nyie mlidhani nawasema watu wa kijiji gani?

Na aliyeagiza kinanda kifunikwe si mzee wa kanisa. Ni mimi. Na aliyefuma kitambaa ni mke wangu, kwa hiyo leo huenda nikalala njaa. Nisameheni.

Mama mchungaji, tafadhali, kivue. Nailoni nayo, chana, tuisikie wote. Wapiga ngoma, zigeuzeni zitutazame. Kwaya, changanyikeni, benchi moja. Tutaimba sasa hivi, na kwa nguvu, mpaka vijana walioko huko barabarani wasikie kwamba humu kumepambazuka. Na atakayetoka hapa akiuliza kipi kimesikika zaidi, kinanda au ngoma, mrudisheni ndani. Huyo hajamaliza ibada.