Kufuli Mlangoni Siku ya Krismasi

Wapendwa, leo naomba tuanze na mlango. Ni mlango wa mbao wa nyumba ya vyumba viwili, umepakwa rangi ya bluu, na chini kabisa rangi imeanza kumenyeka pale kuku wa mtaani wanapodonoa. Ni asubuhi ya Krismasi, jua limeshapanda, na mlango ule una kufuli kwa nje. Kila apitaye anautazama na kusema, "Wenyewe wamesafiri." Hata ninyi mngesema hivyo hivyo. Lakini ndani mna watu watatu, na wawili kati yao ni watoto wadogo walioambiwa wasicheke, wasilie, wala wasikohoe.

Palikuwa na mama mmoja, bado kijana, mwenye watoto wawili. Wa kwanza binti wa miaka sita, aitwaye Nsia. Wa pili wa kiume, miaka mitatu, bado anavuta kanga ya mama yake akitaka kusema jambo. Baba yao alikuwa kibaruani kwenye mashamba ya mkonge, mbali, na mwaka ule hakupewa ruhusa ya kurudi. Alichotuma kiliishia kwenye dawa za kifua cha yule mdogo.

Sasa, desturi yetu mnaijua. Siku ya Krismasi watu wakitoka kanisani, sahani zinaanza kutembea. Pilau ya nyumba hii inakwenda nyumba ile, imefunikwa kitambaa safi, imebebwa kwa mikono miwili. Na sahani hairudi tupu. Nani kati yenu amewahi kurudisha sahani tupu? Mnacheka! Utazunguka jikoni, utafungua kila sufuria, hata kama ni chapati mbili utaziweka. Hakuna aliyeiandika sheria hii mahali, ila siku utakayoivunja utahisi mtaa mzima unakutazama kisogoni.

Mama huyu aliangalia jikoni mwake wiki nzima kabla ya sikukuu, kana kwamba kuangalia kutaongeza kitu. Alikuwa na unga wa mahindi. Alikuwa na viazi vitamu, chumvi, na mafuta kidogo chini ya chupa. Watoto wasingelala njaa, hilo alilijua, na wala njaa haikumkosesha usingizi. Kilichomkosesha usingizi ni sahani. Atakuja huyu na sahani, atakuja yule na sahani. Atazirudisha na nini? Viazi vitamu vya kuchemsha, juu ya sahani iliyokuja na nyama? Alipowaza hivyo, uso ulimwaka moto, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia neno.

Basi akapata akili. Akawaambia majirani kisimani, "Krismasi hii tutakwenda kwa bibi yao." Wakasema, "Safari njema, wasalimie." Na asubuhi ya Krismasi, kabla mtaa haujaamka vizuri, akafunga mlango wa mbele kwa kufuli, akazunguka nyuma, akaingia kwa mlango wa jikoni, akaukomea kwa ndani. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Akashusha mapazia. Akawakalisha watoto mkekani, akawaambia, "Leo tuna mchezo. Mchezo wa kunyamaza. Atakayenyamaza mpaka jioni ndiye mshindi."

"Na kanisani?" akauliza Nsia.

Hapo mama hakuwa amejiandaa. Mwezi mzima Nsia alikuwa akijifunza igizo la watoto. Yeye ndiye malaika. Maneno yake yalikuwa mawili matatu tu, ya kuwaambia wachungaji wasiogope, lakini alikuwa ameyasema kisimani, ameyasema chooni, ameyasema akisinzia.

"Watamweka mtoto mwingine," mama akasema.

"Mwingine hana sauti. Mwalimu alisema mimi ndiye nina sauti."

"Nsia, mama yangu, mchezo umeshaanza."

 Baada ya muda Nsia akasimama katikati ya chumba, akainua mikono kama mbawa, akasema kwa kunong'ona, midomo tu ikicheza, "Msiogope." Kisha akaketi. Mama akajifanya anakunja nguo.

Mnaijua saa inavyokuwa ndefu ukiwa umejificha? Moto hauwashwi, maana moshi utasema. Viazi vililiwa vya baridi, vilivyochemshwa jana. Mdogo akataka kwenda haja, akawekewa kopo, na mlio wa kopo ukamfanya mama asimamishe pumzi. Kila mguu uliopita nje ulikuwa unamjia yeye. Kifua cha mtoto kikaanza kukoroma, mama akamkumbatia, akamfunika mdomo wake kifuani kwake, akimpapasa mgongo: usikohoe, baba, usikohoe, mwanangu. Kengele ya kanisa ikalia. Halafu nyimbo zikasikika kwa mbali. Nsia akasogea karibu, akamuuliza sikioni:

"Mama, Yesu anajua tuko ndani?"

"Anajua."

"Au na yeye tumemwambia tumesafiri?"

Ndugu zangu, mtoto akikuuliza hivyo utamjibu nini? Mama alimwambia, "Utashindwa mchezo wewe." Ndilo jibu alilokuwa nalo.

Ibada ikaisha. Mtaa ukajaa. Watoto wakapita kwa vishindo wakiimba, viatu vipya vinapiga kelele, wakafika mlangoni, wakaliona kufuli, wakaenda zao. Nsia aliwatambua wote kwa sauti.  Alikuwa anavuta uzi wa mkeka, anauvuta na kuurudisha.

Kisha wakaja wanawake wawili. Mmoja ni jirani wa kushoto, mwenye sauti ambayo hata akikusalimia unadhani unagombezwa. Alikuwa na sinia lenye sahani za kupeleka nyumba kwa nyumba.

"Aka! Kufuli. Kumbe kweli ameondoka. Nilidhani utani."

"Muache akafaidi vya wakwe," mwenzake akasema. "Sisi tunapika mpaka macho yanatoka machozi, mwenzetu anapikiwa."

"Na hii sahani yake nimeijaza mwenyewe, nimewawekea watoto na mapaja. Basi nitarudi nayo, niifunike. Akija kesho nitampashia."

Wakaondoka wanacheka. Mama akabaki amesimama nyuma ya mlango, mkono mdomoni. Alikuwa amejiandaa kusikia wanamsema. Kuwekewa fungu hakuwa amejiandaa nako. Akajiambia, bado kidogo, jua likiinama yote yatakuwa yamekwisha.

Ndipo akasikia fimbo. Tok, halafu kimya, halafu tok. Akachungulia kwenye ufa wa mlango. Alikuwa ni bibi wa nyumba ya pili, mjane, ambaye wanawe wako mijini na hawaji. Mtaa mzima humwita Bibi tu. Nsia humtungia uzi kwenye sindano, maana macho yake hayaoni tena tundu. Bibi alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Mikononi hakuwa na sahani, hakuwa na kitambaa, hakuwa na chochote ila ile fimbo. Akabisha hodi kwanza, ndipo akaligusa kufuli kwa vidole, akalipapasa pole pole.

"Hata wewe," akasema, "umekwenda."

Akaketi kizingitini. Mgongo wake ukaegemea mlango. Mama aliye ndani na bibi aliye nje walitenganishwa na ubao mmoja, na mama alizisikia pumzi za yule mzee kama za mtu aliyelala naye kitanda kimoja.

Jirani mwenye sauti akawa anarudi, sinia limebaki na sahani moja. "Bibi! Mbona umekaa kwenye mlango wa watu? Wamesafiri hawa. Njoo kwangu ule."

"Nitakuja siku nyingine, mwanangu. Kwako kumejaa wageni, na kila aliyekuja kabeba kitu. Mimi mwaka huu sina cha kubeba."

"Sasa hapa ulikuwa unakuja na nini?"

"Hapa nilikuwa nakuja hivi hivi." Bibi akacheka kidogo. "Mwaka jana nilimletea huyu mama sahani ya maharage. Akanirudishia na ndizi mbili. Ndizi mbili mbivu, basi! Nikafurahi, nikasema moyoni, kumbe mtaani petu ipo nyumba moja ninayoweza kwenda nikiwa sina kitu, wala wasinione vibaya."

Ndani, mama alifumba macho. Zile ndizi mbili! Mwaka mzima zilikuwa zimemchoma. Mara ngapi alizikumbuka akifua, akipika, akasonya peke yake kwa aibu?

Na mtoto wa miaka mitatu, aliyekuwa amenyamaza toka asubuhi, akaitambua sauti anayoipenda. Akasema waziwazi, "Bibi!"

Mkono wa mama ulichelewa.

 "Umesikia?" jirani akauliza. "Kuna mtoto humo ndani."

 Mama alimsikia Bibi akigeuka, akaweka kiganja chake kwenye ubao, pale pale usawa wa kichwa cha mtoto. Kisha akasema, "Ni kuku. Kuku wa mtaani hawakosi kwenye nyumba hii."

"Kuku gani anaita bibi?"

"Wangu mimi wananiita. Hebu nipe mkono niinuke, magoti haya hayanisikii. Twende zetu, tusikae kwenye mlango wa watu."

Fimbo ikaanza tena. Tok. Tok. Inakwenda.

Mnaelewa, wapendwa, kilichotokea pale? Bibi alijua. Alijua, na akaibeba aibu ya mwenzake kama mtu anayebeba mtoto wa mwenzake mgongoni, akaondoka nayo, tumbo tupu, kurudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Mama angekaa tu kimya, mambo yangekuwa salama. Siri imefichwa vizuri kuliko alivyoificha yeye. Wewe ungefanyaje? Usinijibu upesi.

Mama alifungua mlango wa jikoni. Alizunguka nyumba, mtoto mmoja kiunoni, mwingine mkononi, akatokea mbele ya mtaa uliojaa watu wenye nguo mpya, yeye na kanga yake ya ndani, na akaita, "Bibi!"

Bibi akageuka. Akamtazama, akawatazama watoto, na yule mzee, Mungu ambariki, akampa njia tena: "Ee, mmerudi! Mmefika salama? Huko njiani vumbi lilikuwaje?"

Jirani amesimama na sinia, mdomo wazi. Jibu lilikuwa limeshawekwa tayari. Ilikuwa aseme tu, tumefika salama. 

"Hatukwenda popote, Bibi," mama akasema. "Tulikuwa ndani. Niliogopa sahani. Sina cha kurudisha."

 Jirani akalitazama kufuli, akamtazama mama, akaitazama sahani iliyobaki kwenye sinia lake.

"Basi fungua upesi," akasema kwa sauti yake ile ile ya kugombeza, "mkono umekufa ganzi. Na hiyo sahani usihangaike nayo, hata si yangu. Nimeiazima."

Mama akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo. Tundu likamkataa mara mbili. Hapo ndipo alipojiona: amesimama nje ya mlango wake mwenyewe, upande wa wanaobisha hodi, bega kwa bega na Bibi, yule aliyekuwa amemfungia nje.

Sasa twende Bethlehemu. Kila mwaka majira kama haya tunamsema mwenye nyumba wa kule, yule tunayesimulia kwamba aliwaambia hakuna nafasi. Watoto wakiigiza, tunampa sehemu yake mtoto mwenye sura ya ukali. Tunasema alikuwa mchoyo, alikuwa na moyo mgumu. Nani alituambia? Labda alikuwa mtu mwema tu aliyetazama chumba chake kilichobaki, akaona mkeka umetoboka, akaona hakuna taa, akamtazama yule mama mwenye mimba akasema moyoni, nitamweka wapi mgeni kama huyu, nitaaibika. Labda ule mlango ulifungwa na aibu.

Maana sisi, ndugu zangu, ni wachache humu tunaomchukia Mungu. Tunamchelewesha tu. Tunasema, nitakapotengeneza nyumba. Nitakapokuwa na cha kutoa. Nitakapoacha hili na lile, ndipo nitamfungulia. Na wenzetu vilevile: hatuwatembelei kwa sababu tumekosa sukari ya kubeba, hatuwakaribishi kwa sababu kiti ni kimoja, na watoto wetu wanakaa mkekani wanajifunza kunyamaza siku ambayo hata malaika walipiga kelele. Tunadhani anayebisha amekuja na sahani, na atasubiri tuirudishe. Lakini yule Mtoto wa Krismasi alikuja na nini? Alikuja uchi. Alikuja hajui hata kushika kijiko. Alihitaji tu mahali pa kulazwa, na mtu wa kumshika.

Wiki ijayo ni Krismasi. Najua hapa tulipo wapo walioshaanza kusema watasafiri. Siwataji, wala siwatazami. Nawaambia tu kwamba mimi na wanangu tutapita kwenu baada ya ibada. Hatutabeba kitu. Na hawa wa kwangu, niwaambie mapema, hawajui kunyamaza.