Wikio la Dada Wawili

Mama mmoja, Mwanashee, alikuwa na nyumba ya mawe, na dada yake Somoe alikuwa na yake ng'ambo ya kichochoro, na juu ya kichochoro baba yao aliwajengea wikio, chumba cha kuvukia, wapitiane bila kutoka nje. Wote waliuza nguo na ubani, mnunuzi wa kokote alikaribishwa barazani. Lakini waligombana: wageni waanzie kwa nani? Jambo dogo tu, wakaacha kusemezana.

Akaja Mreno kutoka baharini, mgonjwa, fizi zimemvimba, bunduki mkononi. Mwanashee alikuwa na mtoto anayenyonya, akaogopa, akamwambia abaki barazani. Somoe akachungulia dirishani, akaita kwa sauti dada yake asikie, "Huyo mchoyo mwache, bwana, pita kwangu, pita mpaka ndani!" Akampa maji, akampa machungwa, akamruhusu hata kusimika jiwe lenye alama yake uani.

Mreno alipopona alipanda ngazi, akavuka wikio, akamkuta Mwanashee anamlaza mtoto. Akavunja makasha, akachoma mapazia, akachukua funguo, akatangaza kuwa tangu sasa hauzi mtu kitu bila kibali chake. Somoe akaja mbio, "Hata mimi niliyekulisha?" Mreno akamnyooshea mkono, "Na wewe lete funguo."

Mwanashee alirudi nyuma, mtoto kifuani, lakini kuhama nyumba ya baba yake, hakuhama, akaishi chumba cha nyuma, akamlea mwanawe humo humo mpaka akawa mtu mzima. Ndipo Somoe akamwendea akilia, wakapatana, wakaita wana wao na majirani, wakamzingira Mreno ndani ya nyumba aliyoipora, na safari hii hakuwepo dada wa kumfungulia. Akaondoka. Aliacha meza na leso. Meza wakaandalia chakula, na kwa leso Somoe akambeba mjukuu wa dada yake.

Majirani wakasema wikio livunjwe, maana ndiko adui alikopitia. Mwanashee akasimama, yule yule mwoga, akasema, "Halivunjwi! Yule hakupita wikioni, alipita kwenye ugomvi wetu."

Likabaki, na watoto wa nyumba zote mbili wakawa wanavuka humo wakipiga kelele kwa Kiswahili chao wenyewe, nyumba ni zao, mlango ni wao, na mnunuzi wa kokote bado anakaribishwa.

Sasa wewe, na ndugu yako, mara ya mwisho mmesemezana lini?