Bi Madoa na Nyasi za Juu ya Maji

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona sauti zenu zimelowa? Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Kila mtu apapase alipokalia. Pakavu? Msijibu upesi. Huyu ninayewaletea leo alijibu upesi.

Hapo zamani za kale, ndege walijijengea banda kubwa la fito. Nusu waliiezeka makuti, nusu wakaiacha wazi wapate jua. Fito zilimzuia kicheche. Lakini mvua haizuiwi kwa fito, jamani, na banda lenyewe walilijenga kwenye kibonde. Kila tone lililoanguka huko juu mlimani lilikuwa na shauri moja tu: twendeni kwa ndege.

Humo aliishi kanga mmoja, jina lake Bi Madoa. Shingo nyembamba, kichwa kidogo, maneno gunia zima. Alikuwa ameolewa mwaka uleule. Masika yalipokaribia akataga mayai yake ya kwanza, palepale sakafuni, maana kanga hatagi mtini. Aliyapenda mayai yale, msidhani hakuyapenda. Aliyageuza kwa mdomo, akayanong'oneza: "Wanangu, shangazi zenu wanakuja kuwaona."

Shangazi ndio wifi zake. Na wifi mnawajua. Wifi haji kuona mtoto, huja kuona sakafu.

Mvua ikaja. Chwaa, chwaa, chwaa! Maji yakaingia bandani, sakafu ikawa tope. Bi Madoa akakimbilia lundo la nyasi kavu lililokuwa chini ya paa. Akazibeba, akazitandaza juu ya tope, akayaweka mayai juu yake. Akazikanyaga, pa, pa, pa! Akaimba:

*Juu pakavu, juu pakavu,*
*Chini nani ajua?*
*Wageni karibuni!*

Bata akapita, chubwi, chubwi. Akasimama.

"Bi Madoa, nyasi umeziweka. Maji umeyapeleka wapi?"

"Maji yapi?"

"Haya yanayonichezea vidoleni."

"Huo ni umande."

Bata akacheka, kwa, kwa, kwa! "Mama wee, mimi na maji tunajuana. Toa nyasi zote hizo. Chakura mtaro, maji yatoke. Halafu tuinue sakafu kwa changarawe, tutakusaidia."

"Nitoe nyasi, wifi zangu waone tope? Kwetu mgeni hutandikiwa!"

"Hutandikiwa juu ya sakafu, Bi Madoa. Hatandikiwi juu ya ziwa."

"Nenda kaoge huko!"

Bata akaenda kuoga. Wala hakwenda mbali, aliogea palepale mlangoni.

Hebu utazameni ujinga huo. Kanga! Ndege wa kuchakura! Miguu ya kuchimba amezaliwa nayo, hakuazima kwa mtu. Na miguu ileile akaifanya ya kusawazishia nyasi.

Mvua ikaja tena. Chwaa, chwaa! Nyasi juu ya nyasi. Pa, pa, pa! *Juu pakavu, juu pakavu.* Ikaja tena. Nyasi juu ya nyasi za juzi. *Chini nani ajua?* Kule chini zikavunda. Zikafuka mvuke. Njiwa akahama, akapanda fito ya juu kabisa, akaziba pua kwa bawa.

"Jirani, kuna kitu kimekufa?"

"Ni harufu ya uzazi," akajibu Bi Madoa. "Wewe utaijulia wapi?"

Ikafika siku akalitegea yai sikio. Kimya. Akalitegea la pili. Kimya. Yalikuwa baridi, yamelowa upande wa chini. Alijua. Mama hujua. Na moyo ulimuuma, tena sana. Basi angelia, si majirani wapo wa kumliwaza? Hakulia. Aliyageuza mayai, upande mkavu ukawa juu, akayakalia.

"Yanaanguliwa lini?" Bata akamuuliza. Safari hii hakucheka.

"Karibuni tu."

Wifi wakaja. Mbele Wifi Mkubwa, mnene, anatembea kwa kishindo. Nyuma wadogo zake.

"Hodi!"

"Karibuni, wifi zangu! Karibuni ndani!" Na wimbo wake juu: *Juu pakavu, juu pakavu!*

Wifi Mkubwa akatazama huku, akatazama kule. Akatafuta kosa, asilione, maana nyasi kavu za asubuhi ile zilifunika hata harufu. Uso ukamshuka. Bi Madoa akavimba kichwa.

"Pamependeza," akasema Wifi Mkubwa, kwa shida. "Inuka basi tuwaone watoto."

"Wamelala."

"Tutawaona hivyohivyo wamelala."

Akapiga hatua moja. Nyasi zikanesa. Akapiga ya pili. Dubwi! Akazama hadi kifuani. Maji meusi yakaruka, pwaa, yakawapiga wadogo zake usoni. Mayai yakabingirika, yakagongana, pasu! Pasu! Viza. Yote viza. Njiwa aliye juu kabisa naye akakohoa.

Wifi Mkubwa, tope shingoni, akautazama uso wa Bi Madoa. Akaimba polepole:

*Juu pakavu, juu pakavu,*
*Chini nani ajua?*

Banda zima likacheka. Bata peke yake hakucheka.

"Ni mvua," akasema Bi Madoa. "Mvua ya mwaka huu imezidi."

"Imenyesha hata kwetu, wifi," akajibu Wifi Mkubwa. "Ila kwetu ina njia ya kutokea."

Wakaondoka. Hawakuaga.

Bi Madoa akalia, mwishowe. Akayatoa mayai nje, moja moja, mpaka yakaisha. Akarudi. Akasimama penye uzio. Akainua mguu. Chaku. Chaku, chaku, chaku! Bata akaja kumsaidia kuzoa nyasi zilizovunda. Njiwa akashuka na kijiwe mdomoni cha kuinulia sakafu, akarudi na kingine. Jua halijatua, maji yote yalikuwa yamekwisha kutoka kwa mtaro, yakaenda zao. Kazi yenyewe ndiyo hiyo tu.

Jioni mvua ikanyesha, chwaa, chwaa! Ikapita mtaroni. Sakafu ikabaki kavu, kavu kabisa. Haikuwa na yai hata moja.

Wakubwa kwa wadogo, sikieni: mficha maradhi, kilio humuumbua. Ukiwa na maji chini, usitandike juu. Yatoe, hata kama wageni wako mlangoni.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyekalia pabichi na ainuke, tumwone.